Fundi Koki na Bomba Lililo Hai

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai yake, Fundi Koki alijaza jagi la maji na kuliweka pembeni ya cherehani ya binti yake. Kisha alisimama hapo hapo, mikono kiunoni, mpaka amwone amekunywa glasi ya kwanza.

"Baba, nitakunywa. Nenda kazini," binti alimwambia.

"Nitaenda nikishaona."

Basi binti anakunywa, baba anaona, na kila mtu anashika kazi yake.

Jina la Koki alipewa na wateja, maana alikuwa fundi bomba kwa miaka thelathini. Alikuwa na sifa moja kubwa: hakuwahi kuacha kiungo wazi. Akifungua bomba lako, haondoki mpaka amelifunga, amefungulia maji, na amepitisha kidole kuona kama kuna tone. Hata mvua inyeshe, hata njaa imkate, haondoki. Mke wake alishachoka kumwekea chakula cha mchana. Siku hizi alimwekea cha jioni tu.

Binti yao wa pekee walimwita Bibie. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na alishona sare za shule hapo sebuleni. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake pia. Bibie alizaliwa na selimundu. Alirithi ugonjwa huo kwa baba na mama, ingawa wao wenyewe hawaumwi.

Fundi Koki alimweleza binti yake ugonjwa huo tangu akiwa mdogo, tena kwa lugha ya kazi.

"Chembe nyekundu za damu za watu wengine ni za duara na laini," alisema. "Zako nyingine hujikunja kama mundu wa kukatia majani. Zinakuwa ngumu, zinanasa kwenye mishipa midogo. Ni kama nywele kwenye bomba la bafuni. Sasa fundi anafanya nini? Anasukuma maji."

Na kweli, daktari naye alisema Bibie anywe maji ya kutosha kila siku. Kwa hiyo Fundi Koki alijiona amemaliza masomo. Mguu wa binti ukiuma, jagi. Mkono ukiuma, jagi na kitambaa cha moto. Mara nyingi maumivu yalipoa, na fundi akazidi kuvimba kichwa.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo daktari hakulijua.

Mwaka uliopita, Bibie alipewa vidonge vinavyoitwa haidroksiyurea. Aliambiwa ameze kimoja kila siku. Fundi Koki aliigeuza chupa ya vidonge hivyo mkononi, akaitazama kwa makini, kama anavyotazama bidhaa mpya dukani.

"Hii ni dawa ya kuzibua," alisema. "Sasa bibie wangu, nani anamwaga dawa ya kuzibua kwenye bomba linalopitisha maji vizuri? Unaliharibu bomba bure. Weka kabatini. Maumivu yakija, ndipo umeze."

Bibie alicheka. Maneno ya baba yake yaliingia akilini. Chupa ikakaa kabatini, nyuma ya kopo la vifungo.

*

Wiki moja, maumivu yalianza Jumapili, kwenye mbavu na mgongoni. Jumatatu Bibie hakukaa kwenye cherehani. Jumanne asubuhi alianza kukohoa, na mwili ulikuwa wa moto.

"Pumzi haifiki chini, baba," alisema. "Nikivuta, panachoma."

"Basi usivute sana. Lala chali, usijitikise. Vuta kidogo kidogo."

Fundi Koki alileta jagi la kwanza. Baada ya nusu saa alileta la pili. Bibie alikunywa kwa shida, akisukuma kila funda.

"Mama Bibie," fundi alimwambia mkewe, "mpe la tatu saa nne, na la nne kabla ya mchana. Hapo hata kama kumeziba namna gani, kutazibuka."

"Huoni twende hospitali?" mke aliuliza.

"Akifika jioni hivi, tutakwenda. Nina kazi kwa nesi, nimeahidi."

Akabeba mfuko wake wa spana, akatoka. Lakini njiani moyo wake haukutulia. Alitembea haraka kuliko kawaida bila kujua kwa nini.

*

Nesi alikaa mtaa wa pili. Alifanya kazi kwenye kliniki ya damu ya hospitali, na siku hiyo alikuwa na mapumziko. Sinki la jikoni kwake lilikuwa limevuja wiki nzima, na ndoo iliyowekwa chini yake ilikuwa imegeuka mtu wa nyumbani.

Fundi Koki aliingia chini ya sinki, akabaki anaonekana miguu tu.

"Bibie hajambo?" nesi aliuliza, huku akimenya viazi.

"Anaumwaumwa. Safari hii imemshika mbavuni."

Kisu cha nesi kilisimama. "Mbavuni? Ana homa?"

"Mwili una moto kidogo."

"Anakohoa?"

"Amekohoa leo asubuhi."

"Anapumuaje?"

"Anasema pumzi haifiki chini. Lakini nimemlaza chali, nimemwambia apumue kidogo kidogo. Na maji anakunywa. Sasa hivi yuko jagi la tatu."

Nesi aliweka kisu mezani. Alitoka nje, akafunga koki kuu ya nyumba nzima, akarudi akiwa amebeba mkoba wake.

"Fundi, toka huko chini. Twende kwako."

"Nimebakiza kiungo kimoja tu, nesi. Dakika kumi."

"Twende."

"Siwezi kukuachia kiungo wazi. Sijawahi."

Nesi aliinama mpaka wakatazamana uso kwa uso chini ya sinki. Hakupandisha sauti.

"Mtu mwenye selimundu akipata maumivu ya kifua, homa na kikohozi, na pumzi inamsumbua, hiyo si ya kusubiri jioni. Hata moja tu kati ya hayo, homa peke yake au kifua peke yake, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Bibie anayo yote. Mapafu yake yako hatarini, fundi. Watu hufa."

Fundi Koki alitoka chini ya sinki. Spana ilibaki sakafuni, na kiungo kikabaki wazi.

*

Nyumbani walimkuta mama ameshika jagi la nne.

"Liweke chini kwanza, dada," nesi alimwambia kwa upole.

Alimbana Bibie kidoleni kwa kifaa kidogo chenye taa nyekundu. Kifaa hicho hupima oksijeni iliyomo kwenye damu. Namba ilisomeka themanini na saba.

"Ilitakiwa iwe ngapi?" mama aliuliza.

"Tisini na tano au zaidi. Mwinueni akae, asilale chali. Mimi naita teksi."

Bibie alijaribu kutania. "Nesi, baba amenijaza maji mpaka nimekuwa tangi." Lakini hakuimaliza sentensi kwa pumzi moja. Alipumzika katikati yake mara mbili. Fundi Koki alisikia hivyo, akaogopa hasa. Mikono iliyozoea kufungua nati zilizoganda ilishindwa kumfunga binti yake kamba za viatu. Mama ndiye aliyezifunga.

Hospitali walimpokea haraka. Alipigwa picha ya kifua. Upande wa chini wa mapafu yote mawili ulionekana mweupe, mahali palipotakiwa kuwa peusi kwa sababu ya hewa. Aliwekewa oksijeni puani, akapewa dawa za kuua vijidudu na dawa ya maumivu, kisha akaongezewa damu. Maji walimpa kwa kipimo, si kwa jagi.

Fundi Koki alikaa kwenye benchi la korido. Nesi alikaa pembeni yake. Mama alikuwa ndani na mgonjwa.

"Nieleze," fundi alisema. "Nimefanya kosa wapi? Miaka yote maji yanasaidia. Bomba likiziba unasukuma maji. Au si hivyo?"

"Bomba lako la chuma, ukilikuta lina upana wa nusu inchi, kesho litakuwa na upana gani?"

"Nusu inchi."

"Mwakani?"

"Nusu inchi, labda kutu."

"Mshipa wa damu si hivyo," nesi alisema. "Mshipa uko hai. Unatanuka na kubana, kutwa kucha. Ndani yake una utando mwembamba sana. Utando huo hutoa wajumbe."

"Wajumbe?"

"Kemikali ndogo ndogo. Nitakutajia wawili tu, wengine waachie madaktari. Wa kwanza anaitwa oksidi ya nitriki. Ni gesi, na maisha yake ni sekunde chache. Kazi yake ni kuuambia mshipa, tanuka, damu ipite. Wa pili anaitwa endothelini. Huyo anauambia mshipa, bana."

"Huyo wa pili ana ubaya gani na watu?"

Nesi alitabasamu. "Hana ubaya. Tunawahitaji wote wawili. Wewe unahitaji koki inayofunguka tu?"

"Hapana. Hiyo ni gharika."

"Haya. Kwa mtu mwenye afya, hao wawili wanapatana. Sasa njoo kwa Bibie. Chembe zake nyekundu si tu zinajikunja. Zinapasuka. Chembe zako wewe huishi karibu miezi minne. Zake nyingi hazifikishi hata mwezi. Zikipasuka, kile kitu chekundu kinachobeba oksijeni, tunakiita hemoglobini, kinamwagika nje ya chembe. Kikishamwagika, kinamkamata yule mjumbe wa kutanua kabla hajafikisha ujumbe."

Fundi Koki alikunja uso, akifikiri. "Kwa hiyo anabaki wa kubana."

"Anabaki yeye na kelele zake. Tena kwa wenye selimundu, mara nyingi huwa mwingi kupita kiasi. Mishipa ya mapafu inabana. Chembe zilizojikunja zinanasa humo. Hewa inakuwa kidogo, na hewa ikiwa kidogo, chembe nyingine nazo zinajikunja. Ni mzunguko."

"Na maji yangu?"

"Maji ya kila siku ni mazuri, endelea nayo. Lakini hayawezi kuuambia mshipa utanuke. Hawasikilizani. Na mapafu yakishaumwa, maji yakizidi huvujia kwenye mapafu yenyewe. Halafu ulimlaza chali apumue kidogo kidogo. Sehemu za chini za mapafu zikikosa hewa, hunywea. Ndiyo maana hata akiwa na maumivu ya mbavu, anatakiwa apewe dawa ya maumivu, akae wima, avute pumzi ndefu."

Fundi Koki aliinamisha kichwa. Nesi akauliza swali alilokuwa amelibakiza.

"Ile haidroksiyurea, anameza kila siku?"

Fundi angeweza kudanganya. Ulimi ulimwasha. Lakini mlango wa wodi ulikuwa wazi, na aliuona mrija wa oksijeni kwenye uso wa mwanawe.

"Nilimwambia aweke kabatini," alisema. "Nilimwambia ni dawa ya kuzibua. Ameze akizibwa tu."

Nesi hakumfokea. Pengine ingekuwa nafuu kama angemfokea.

"Si dawa ya kuzibua, fundi. Ni ya kuzuia. Ikimezwa kila siku, chembe chache hujikunja, chache hupasuka, na mjumbe wa kutanua anapata nafasi ya kufanya kazi. Akiumwa ndipo ameze, imeshachelewa. Inachukua miezi kufanya kazi yake. Na anayeimeza anapimwa damu mara kwa mara, kwa sababu daktari lazima ahakikishe dozi haimdhuru. Siku akitaka kubeba mimba, aongee na daktari kabla."

"Mimi ndiye niliyemwambia," fundi alirudia. Alilia pale kwenye benchi, mtu mzima na ovaroli lake, bila kujificha. Nesi alimwacha alie. Mfagiaji aliyepita alizungusha fagio lake mbali na miguu yao.

Alipotulia, nesi alisema, "Kuna jambo jingine nataka kulijua. Akipanda ngazi, anahema?"

Fundi alinyanyua kichwa taratibu. Duka linalonunua sare za Bibie liko ghorofa ya pili. Tangu mwaka jana, Bibie alikuwa akisimama katikati ya ngazi na mzigo wake. Fundi alikuwa akimtania. Wewe ni bibie kweli, alimwambia, unataka uwekewe lifti. Na Bibie alicheka, akijishika kifuani.

"Anahema," alisema.

"Mishipa ya mapafu ikibana miaka na miaka, kuta zake zinakuwa nene. Shinikizo linapanda humo ndani. Moyo upande wa kulia ndio unaosukuma damu kwenda kwenye mapafu."

"Usimalizie," Fundi Koki alisema. "Pampu inasukuma kwenye bomba lililobana. Najua mwisho wa pampu hiyo."

"Ndiyo maana tutapima. Si kila anayehema ana tatizo hilo. Akishapona hili la sasa, atafanyiwa kipimo cha moyo cha picha. Hakiumi. Tukijua mapema, kuna la kufanya."

*

Siku ya tatu, Bibie aliweza kuzungumza sentensi nzima. Ya kwanza ilikuwa ya kudai kitambaa chake cha sare huko nyumbani kisiguswe.

Walimpa kifaa cha plastiki chenye vijipira vitatu. Ukivuta pumzi ndefu, vijipira vinapanda. Alitakiwa avute mara kumi kila baada ya saa mbili akiwa macho. Mwanzoni kijipira kimoja kiliruka kidogo na kuanguka. Baba yake alijaribu kifaa cha kitanda cha jirani, kilichokuwa bado kwenye mfuko wake, akakemewa na muuguzi wa zamu, akakirudisha kwa aibu. Bibie alicheka mpaka akakohoa. Siku ya tano vijipira viwili vilipanda.

Siku ya nane alirudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata, Fundi Koki alijaza jagi kama kawaida. Kisha alikwenda kabatini, akaondoa kopo la vifungo, akatoa ile chupa. Daktari alikuwa ameshampima Bibie damu na kumwandikia dozi upya. Fundi aliiweka chupa mpya karibu na jagi, akaitupa ya zamani, akasimama mikono kiunoni.

"Nitameza, baba. Nenda kazini."

"Nitaenda nikishaona."

Ukutani juu ya cherehani, mama alibandika karatasi aliyoandika kwa kalamu nene. *Homa ya nyuzi thelathini na nane au zaidi. Maumivu ya kifua. Kikohozi. Pumzi fupi. HOSPITALI, HATA MOJA TU.* Kipimajoto kilining'inia pembeni yake kwa uzi wa cherehani.

Mwezi mmoja baadaye walikwenda kwenye kipimo cha moyo. Daktari alisema shinikizo kwenye mishipa ya mapafu limepanda kidogo, si la kutisha. Angemwona kila baada ya miezi michache. Dawa ya kila siku iendelee, na kliniki asikose. Fundi Koki aliuliza maswali kumi na moja. Daktari alimwuliza kama naye ni mtu wa afya.

"Mimi fundi bomba," alisema. "Lakini bomba langu halina akili."

Miezi sita ilipita. Maumivu yalikuja mara moja tu, mguuni, yakaondoka. Bibie alipanda ngazi za duka la sare akisimama mara moja badala ya mara tatu, na siku nyingine bila kusimama. Chembe zake zilikuwa bado zile zile za kuzaliwa nazo, na hakuna aliyemdanganya kwamba amepona. Lakini sare zilikuwa zinatoka kwa wakati.

*

Alhamisi moja saa tano asubuhi, Fundi Koki alikuwa jikoni kwa mteja mpya, mama mmoja mkali mwenye mgahawa. Bomba kubwa la sinki lilikuwa limefunguliwa, vipande viko sakafuni, na wateja wa mchana walikuwa karibu kufika. Simu ikaita.

"Baba," Bibie alisema. "Nimepima. Thelathini na nane na nusu."

"Kifua?"

"Kifua kizuri. Homa tu."

"Vaa viatu. Nakuja."

Fundi Koki alifunga koki kuu. Hakuokota hata spana moja.

"We fundi!" mwenye mgahawa alisema. "Unaniachia bomba wazi?"

"Nakuachia, mama. Mwanangu ana homa."

"Homa tu? Si umalize hapo kwanza?"

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni.

Saa sita kasoro Bibie alikuwa mbele ya daktari. Picha ya kifua ilikuwa safi, na oksijeni ilikuwa tisini na saba. Ilikuwa ni maambukizi ya koo. Alipewa dawa, akaangaliwa mpaka alasiri, akaruhusiwa kwenda nyumbani na kuambiwa arudi kesho yake aangaliwe tena. Daktari alisema wamefanya vizuri kuja mapema, kwa sababu homa kama hiyo ikiachwa siku mbili tatu huweza kushuka kifuani. Mama yake alishukuru Mungu kwa sauti, korido nzima ikasikia.

Ijumaa wakarudi, homa ikakutwa imekwisha. Jumamosi alfajiri, Fundi Koki aligonga mlango wa mgahawa. Mwenye mgahawa alifungua akiwa ameshikilia ndoo. Siku mbili nzima alikuwa ameosha vyombo kwa ndoo, na maneno ya kumwambia fundi alikuwa ameyapanga yote. Alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Na huyo mwanao?" aliuliza hatimaye.

"Anashona," Fundi Koki alisema, akavua koti, akaingia chini ya sinki.